Chuma cha Upare na Chapa ya Unguja

Wanafunzi wa sanaa aghalabu hudhani kwamba upigaji chapa ulianza kwa karatasi na mtambo. Kwa watu wa mwambao, chapa ilitangulia juu ya nguo.

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Pangani ilipita chini ya Milima ya Pare, kupitia Gonja na Kisiwani, katika Wilaya ya Same ya leo, ikielekea Taveta na Kilimanjaro. Miongoni mwa mizigo yake ilikuwamo merikani, nguo ya pamba iliyoletwa na merikebu za Salem, Massachusetts, hata vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) vilipoikatiza, na baadaye nguo za Bombay zikashika nafasi yake.

Merikani iliyobaki Unguja nyingine ilipigwa chapa kwa mkono, ikawa kanga za mera. Misingi ya ufundi huo ni michache. Fundi huchora ua juu ya ubao mgumu, akachonga pasipotakiwa rangi ili mchoro ubaki umeinuka. Ubao hupakwa rangi, hukandamizwa juu ya nguo iliyotandazwa, kisha hunyanyuliwa wima bila kuburutwa. Palipochongwa hubaki peupe. Kila kitu hutoka kimegeuka, kulia kuwa kushoto; kwa hiyo herufi hapana budi zichongwe kinyume. Rangi ya pili huhitaji ubao wa pili, nao ukihama kidogo tu, ua lote huharibika.

Wakati huo Ugweno, kaskazini mwa milima ya Upare, ukoo wa Washana ulisifika kwa uhunzi. Mchanga wenye chuma uliokusanywa vijitoni ukayeyushwa kwa makaa na mivukuto, na chuma chake kikawafikia hata Wachaga. Mhunzi wa mlimani na mpiga chapa wa kisiwani hawakuhitaji kujuana. Yaliyowapata yalikuwa mamoja. Biashara iliyopandisha nguo ilileta pia nyaya na chuma cha Ulaya, na tanuru zikapoa. Unguja nako kanga za viwandani, kutoka Ulaya, Bara Hindi na baadaye Japani, zikaziondoa za mera sokoni. Mafundi hawakushindwa kwa ubora, bali kwa bei na wingi. Chuma na nguo vilizidi kupatikana. Kilichopungua ni watu waliojua kuvitengeneza.

Kuirudisha tanuru ni kazi kubwa. Ubao ni jambo jepesi zaidi: mwanafunzi wa Same mwenye kipande cha mbao, patasi iliyonolewa, rangi na shuka kuukuu aweza kuanza leo. Aanze kwa mistari mitatu, si kwa ua, mpaka mkono ujue kiasi cha rangi na uzito wa kukandamiza. Na ubao wa kwanza ukimvunjikia, asiutupe. Autazame pale ulipopasuka, maana huenda hapo alikata kinyume cha nyuzi za mti.