Mababu Hawakuvaa Majani

Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilichapishwa 1969 na hadi leo shule na vyuo vinaiigiza. Ukiwahi kukaa kwenye viti vya mbao vya bwalo ukaitazama, huenda umewaona wapiganaji wa Maji Maji wakiingia na majani ya mgomba kiunoni, masizi usoni, na ngozi ya mbuzi ya kuazima kwa kikundi cha ngoma. Eti ndiyo enzi za mababu.

Wanafunzi wa chuo kimoja hapa Morogoro waliponiomba niwasaidie maleba na vipodozi vya tamthilia hii, niliwauliza kwanza: vita vyenyewe vilianza na nini? Wakajibu bila kusita: pamba. Naam. Julai 1905, kule Nandete, Umatumbi, watu waling'oa miche ya pamba waliyokuwa wakilimishwa kwa nguvu na Wajerumani. Basi hapa nguo haiwezi kuwa pambo tu. Nguo ni sehemu ya ugomvi.

Na nguo walikuwa nayo zamani. Tangu miaka ya 1830 merikani kutoka Salem, Marekani, ilikuwa ikishushwa Unguja. Kaniki ilitoka India. Misafara ya Bagamoyo ilibeba majora kama fedha, ikipita hapa hapa chini ya Uluguru, kwenye mji wa Kisabengo wenye ukuta. Stanley alipopita 1871 aliukuta ukitawaliwa na binti yake, Simbamwene. Mtu wa 1905 alijua bei ya doti moja kuliko mimi ninavyoijua bei ya dola.

Tukaenda sokoni kutafuta kaniki. Mama muuzaji akatutazama kwa huruma: "Jamani wanangu, nani anaumwa?" Siku hizi kaniki watu wanaihusisha na waganga. Tulipomwambia ni maigizo, akacheka, akasema bibi yake kule Mgeta alikuwa akiivaa kwenda shamba. Hapo hapo nikaona tumepata vazi letu: kitambaa kimoja chenye jasho la mkulima na dawa ya mganga.

Ilibaki kazi ngumu. Masimulizi ya wazee yanasema Kinjeketile alizama mtoni, waliojua kuogelea wakamtafuta wasimwone, kesho yake akatoka nguo zake zikiwa kavu. Ukavu utauonyeshaje jukwaani? Binti aliyesimamia maleba akasema, "Tuwaloweshe wanaomtafuta." Wakatoka kaniki zikichuruzika hadi sakafuni, kisha akaja yeye, mkavu. Ukumbi ukanyamaza.

Kwenye vipodozi tulibishana zaidi. Kijana wa kuigiza msimamizi wa Kijerumani alitaka kujipaka unga wa ngano, kama alivyoona kwingine. Tukamkatalia. Unga unachekesha, na watu wakishamcheka hawamwogopi tena. Tukampa kaki, buti na kiboko, uso tukauacha. Askari wake, Mwafrika, naye kaki na tarbushi. Watu wa ngozi moja, lakini ukitazama nguo unajua nani anapiga na nani anapigwa. Masizi tuliyaweka kidogo tu, chini ya mashavu ya wanawake, kwa sababu tamthilia inaanza na njaa.

Kinjeketile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikaendelea bila yeye. Hussein anatuachia swali zito kuhusu imani iliyowaunganisha watu ikawapeleka kwenye bunduki. Ukimvika babu majani, swali hilo linakuwa jepesi mno: mtu wa porini kadanganyika na maji, basi. Mvike kaniki, na utamwona mkulima anayejua thamani ya jora, anayelima pamba ya tajiri huku watoto wake wanalala njaa, na ambaye amepima mambo yake yote kabla ya kuyapokea yale maji.