Jinsi ya kumwondoa anemoni msumbufu tangini
Aiptasia ni anemoni mdogo wa rangi ya kahawia ambaye aghalabu huingia katika tangi la maji ya chumvi akiwa amejificha kwenye mawe. Minyiri yake huchoma matumbawe yaliyo jirani.

Kosa kubwa la wafugaji ni kumkwangua, kwani kipande kidogo cha mguu kinachosalia jiweni huweza kukua na kuwa anemoni kamili. Yafaa kuzima pampu, kisha kumfunika mdomo kwa uji mzito wa haidroksidi ya kalsiamu kwa bomba la sindano. Watibiwe wachache kila mara, maana dawa hiyo huongeza alkali ya maji.

Wakiwa wengi, hutumiwa Berghia, konokono wa bahari asiye na gamba. Yeye hula Aiptasia pekee, na wakiisha hufa njaa.