Gome la Amani, Bilauri ya Korogwe

Nauza vinywaji Manundu, hapa Korogwe. Wateja wangu wa jin na toniki hupenda kunifundisha kwamba kinywaji chao kilizaliwa India, mikononi mwa Waingereza. Sibishi. Pelletier na Caventou, Wafaransa, walitenga kwinini kwenye gome la mti mwaka 1820. Mwaka 1858 Erasmus Bond wa London akasajili maji yake ya toniki yenye kwinini, na miaka kumi baadaye gazeti la michezo la huko India likawataja watazamaji wa mbio za farasi wakiagiza jin na toniki.

Ila gome lenyewe lina habari zake huku kwetu. Mwaka 1902, reli ya Tanga ilipofika Korogwe, Wajerumani walifungua taasisi ya kilimo Amani, Usambara Mashariki, wakaotesha mikwinini. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuia meli, kwinini ya jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, ikawa inatoka huko. Juni 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Korogwe, yakafika Handeni, na Wajerumani wakakimbilia kusini. Magome nayo yaliondoka, vichwani mwa wapagazi. Kambini yalichemshwa, watu wakanywa maji yake. Wajerumani waliyaita kwa mzaha Lettow-Schnaps, yaani pombe kali ya Lettow. Ulevi hayakuwa nao. Yalikuwa machungu kama shubiri.

Toniki ya leo haifiki huko. Marekani inaruhusu miligramu 83 tu za kwinini kwa lita, ilhali mgonjwa wa malaria anayetibiwa kwa kwinini hupewa takriban 1,800 kwa siku. Kwa hiyo anayeniambia anakunywa kujikinga na mbu wa mto Pangani namjibu: utamaliza lita 20 na zaidi, na dozi haijatimia. Nenda zahanati.

Anayetaka burudani namtengenezea hivi: bilauri ndefu, barafu mpaka juu, kipimo kimoja cha jin. Wengi hapa husema, "Tia Konyagi," natia. Toniki ya baridi hufuata, mara mbili hadi tatu ya kile kipimo, nikiimimina taratibu ubavuni gesi isitoroke. Nakamua kipande cha ndimu, nakoroga mara moja, basi.

Akiulizia asili yake, India namtajia. Kisha namtajia na wapagazi, maana gazeti la mbio za farasi halikuwaandika.