Viti Kumi na Kimoja: Miaka 60 ya Walinzi wa Majengo ya New York

Aprili 19, 1965, Meya Robert F. Wagner Jr. alitia saini sheria iliyolipa jiji la New York chombo chenye nguvu za kulinda majengo yake ya kale: Kamisheni ya Kuhifadhi Majengo ya Kihistoria. Wanaoadhimisha miaka 60 yake huanza na Penn Station, stesheni kubwa ya reli ya Manhattan iliyoanza kubomolewa Oktoba 1963. Hawakosei. Lakini katika sheria ile kuna kifungu kisichotajwa sana sherehe zinapofika, nacho ndicho kinachoeleza chombo chenyewe kilivyo: kifungu cha nani akae mezani.

Kamisheni ya kwanza ilikuwa imeundwa 1962, kutokana na kamati ya meya ya mwaka uliotangulia. Wajumbe walikuwepo, vikao vilifanyika, na majengo yenye thamani yaliorodheshwa. Kilichokosekana ni uwezo wa kumzuia mwenye jengo asilibomoe. Penn Station ilianguka wakati kamisheni ikiwa hai, na wajumbe wake hawakuwa na la kufanya.

Sheria ya 1965 iliweka viti 11, vyote vya kuteuliwa na meya. Angalau vitatu ni vya wasanifu majengo. Kimoja ni cha mwanahistoria, kimoja cha mtaalamu wa mipango miji au msanifu wa mandhari, na kimoja, ajabu kwa wengi, ni cha dalali wa majengo. Aidha, kila moja ya wilaya tano za jiji, yaani Manhattan, Brooklyn, Queens, Bronx na Staten Island, lazima iwe na angalau mkazi wake mmoja humo. Mjumbe hukaa miaka mitatu, na mihula haiishi yote kwa pamoja, ili meya mmoja asiibadilishe meza nzima kwa siku moja. Isipokuwa mwenyekiti, wote hufanya kazi bila mshahara.

Kiti cha dalali kimewakera wapenzi wa majengo tangu zamani: vipi umkaribishe mtu anayeishi kwa kuuza na kununua viwanja? Naona waliokiweka walikuwa werevu. Wenye majengo walikuwa na mawakili na fedha, na kumwacha nje mtu anayejua hesabu zao kungewapa sababu ya kudai kwamba hawakusikilizwa. Kifungu cha wilaya nacho kina hekima yake. Wasanifu, magazeti na matajiri wengi walikuwa Manhattan. Bila sharti lile, Staten Island ingesubiri sana. Miongoni mwa majengo ya kwanza kulindwa, Oktoba 1965, ilikuwemo Nyumba ya Wyckoff, nyumba ya mbao ya mkulima wa karne ya 17 huko Brooklyn, mbali kabisa na minara ya katikati ya jiji.

Miaka iliyofuata kazi ilipanuka kuliko viti. Mwanzoni kamisheni iliruhusiwa kuteua majengo kwa vipindi tu: miezi 18 ya kwanza, kisha miezi sita baada ya kila mapumziko ya miaka mitatu. Mwaka 1973 kizuizi hicho kiliondolewa, na ikapewa pia mamlaka juu ya kumbi za ndani na bustani za umma. Central Park ililindwa 1974. Hata hivyo msanifu wa mandhari alibaki kugawana kiti na mtaalamu wa mipango miji, huyu au yule. Mwaka 1978 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura sita dhidi ya tatu, ilikubali kwamba jiji lilikuwa na haki ya kuzuia mnara usijengwe juu ya stesheni ya Grand Central. Tangu hapo hakuna aliyeidharau meza ile.

Katiba ya jiji sasa inataka wateule wa meya wakubaliwe na Baraza la Jiji. Sura za uongozi nazo zilibadilika bila kifungu kuguswa: Beverly Moss Spatt alishika uenyekiti 1974, mwanamke wa kwanza, na Gene Norman, msanifu Mweusi, akaushika 1983.

Kisha ikaja 1991. Wachimbaji wa msingi wa jengo la serikali kuu huko Manhattan walifukua makaburi ya Waafrika, watumwa na walio huru, waliozikwa hapo karne za 17 na 18. Mabaki ya zaidi ya watu 400 yalitolewa ardhini huku Wamarekani Weusi wakipaza sauti kazi isimamishwe. Mwaka 1993 kamisheni ikalitangaza eneo lile wilaya ya kihistoria. Mabaki yalizikwa upya 2003. Orodha ya viti ilikuwa imewafikiria watu wanaoangalia kuta, haikuwafikiria wanaosoma kilicho chini yake.

Serikali kuu ilikuwa imeliona hilo mapema. Marekebisho ya sheria yake ya 1980 yalianzisha utaratibu wa kuzitambua serikali za miji zenye kamisheni za namna hii, na akiolojia ni miongoni mwa taaluma zinazotajwa kwa wajumbe wake, pale wataalamu wanapopatikana. New York haina uhaba wa wanaakiolojia, na kamisheni yenyewe inao miongoni mwa watumishi wake. Lakini mtumishi hushauri, mjumbe ndiye hupiga kura. Leo kamisheni inalinda zaidi ya majengo 37,000, na katika viti vya lazima mwanaakiolojia bado hana chake. Meya na Baraza la Jiji wampe.