Kuandikwa Kazi Machakos

Kwetu mtu haajiriwi, anaandikwa. "Kijana wa fulani ameandikwa Athi River," ndivyo tunavyosema, na kazi ikiisha kwa ubaya, basi amefutwa. Nilikaa miaka 26 katika ofisi ya wafanyakazi ya kiwanda kimoja hukohuko Athi River, nikiandika na kufuta, na maneno hayo mawili nimeyawaza sana. Kwa yote mawili kalamu iko mkononi mwa mtu mmoja tu.

Kila wiki niliuona ukimya uleule. Mtu anakaa mbele ya meza, anajibu kila alichoulizwa, amenyooka kitini kama yuko kanisani. Mwishoni anaambiwa, "Na wewe, una swali?" Anatazama mikono yake. "Sina, madam." Wako wanaosema hiyo ni haya ya Mkamba mbele ya wakubwa. Nakataa. Aliyewahi kuketi wazee wakizungumzia mbuzi wa ntheo, wale wa kuposea, anajua tunavyouliza: wangapi, lini, nani shahidi. Akina mama wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, hawainui jembe kabla ya kupatana ni shamba la nani litaanza na nani atapika. Na mwaka 1849, mmishonari Krapf alipofika Ukambani, Mzungu ndiye aliyekuwa mgeni, na Kivui, mfanyabiashara mkubwa wa misafara ya kwenda Mombasa, ndiye aliyekuwa mwenyeji. Watu walioishi kwa kupatana bei ya pembe za ndovu safari nzima hadi pwani hawakuzaliwa bila maswali.

Ukimya ulikuja baadaye, na ulikuja na karatasi.

Ukitaka kuufuata, mfuate mtu mmoja, John Ainsworth. Alikuja Machakos mwaka 1892, wakati mji wetu ulikuwa kituo cha kampuni ya Waingereza, kabla makao ya serikali hayajahamishiwa Nairobi mwaka 1899. Hapa ndipo alipojifunza kutawala. Mwaka 1917, katika Vita vya Kwanza, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kukusanya wapagazi wa jeshi, na vijana wa Ukambani wakachukuliwa kwa wingi kwenda kubeba mizigo hadi Tanganyika. Wengi hawakurudi. Oktoba 1919, akiwa mkuu wa mambo ya Waafrika, aliweka saini yake kwenye waraka wa Gavana Northey ulioagiza maofisa na machifu wawahimize wanaume wenye nguvu waende mashambani mwa walowezi. Chifu aliyeambiwa "himiza" alijua maana yake, na aliyehimizwa alijua zaidi. Anayesukumwa kazini hana nafasi ya kuuliza kazi yenyewe ikoje.

Wakati huohuo kipande kikaanza kutumika. Sheria yake ilikuwa imepitishwa mwaka 1915, vita vikaichelewesha. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kukibeba. Cha babu yangu nilikiona nikiwa msichana mdogo, kwa sababu nyanya alikihifadhi sandukuni pamoja na vyeti vya ubatizo. Kilikuwa kijikebe cha bati chenye tundu la kupitisha kamba, kinachovaliwa shingoni. Ndani, karatasi iliyokunjwa mara nyingi hadi mikunjo ikakatika. Alama za vidole kwa wino mweusi. Kisha safu: jina la mwajiri, aina ya kazi, mshahara, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuachishwa, saini. Nilizisoma safu hizo kwa sauti, Babu akisikiliza. Yeye mwenyewe hakujua kusoma. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa yameandikwa pale, naye hakuwa ameandika hata herufi moja.

Nilimuuliza bwana wa shamba alimhoji vipi. Akanionyesha viganja vyake viwili, akavigeuza. Huo ndio uliokuwa usaili. Bwana alitazama viganja, akatazama kipande, nyapara akamwambia apange foleni. Lilikuwa shamba la mkonge, na kazi ilikuwa ya tiketi: siku 30 zikitiwa alama moja moja, ndipo ulipwe. Babu alidhani mwezi ni mwezi. Hakuna aliyemwambia kwamba siku ya homa haihesabiwi, wala siku ambayo hukumaliza kipimo chako cha majani. Mwezi wa tiketi haukuwa mwezi wa angani. Wa kwanza ulimchukua siku arobaini kasoro moja.

"Mbona hukuuliza mapema?" nilimwambia. Umri wangu ulikuwa wa kumwambia hivyo.

"Ningemuuliza nani? Na akinijibu vibaya, niende wapi?"

Alikuwa amelisema jambo lote. Chini ya sheria ya Mabwana na Watumishi, kuacha kazi kabla ya muda kulikuwa kosa la kufungwa jela. Na kipande kisichotiwa saini ya kuachishwa kilimfungia mtu mlango wa mwajiri mwingine. Swali lina maana pale tu unapoweza kusikia jibu, ukasimama, ukaenda zako.

Lakini watu wa Machakos waliuliza, na waliuliza kwa miguu. Mwaka 1938 serikali ilianza kuwapunguzia Wakamba ng'ombe kwa nguvu, ikisema ardhi imechakaa. Mwaka huohuo kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimefunguliwa hapohapo Athi River, kikihitaji ng'ombe wa bei ya chini. Mkamba mwenzao, Muindi Mbingu, akaongoza wanaume, wanawake na watoto hadi Nairobi, wakapiga kambi kwa majuma kadhaa, wakitaka Gavana awajibu ana kwa ana. Muindi alikamatwa, akapelekwa uhamishoni Lamu. Hata hivyo, kabla mwaka haujaisha serikali ilikuwa imeachana na unyang'anyi ule. Nilipoanza kazi mwaka 1984 niliyapita majengo ya kiwanda hicho kila asubuhi, wakati huo yakiwa ya Kenya Meat Commission, nami nilikuwa mwoga kuliko nyanya zangu waliotembea.

Maana mimi pia nilisema "Sina, bwana." Nilijibu maswali ya jopo, nikaulizwa kama nina langu, nikainamisha kichwa. Kipande kilikuwa kimefutwa tangu 1947, Uhuru ulikuwa na miaka 21, na bado nilikaa pale kama nimevaa kibati shingoni. Juma la pili ndipo nilipojua kwamba kwenye zamu ya usiku hakuna gari la kuturudisha Machakos mjini. Mwaka mzima nililala kwenye benchi la stoo hadi kupambazuke.

Nilipohamia upande wa pili wa meza, viwanda vya nguo vya EPZ, eneo la bidhaa za kuuzwa nje, vilikuwa vimejaa Athi River. Wasichana kutoka Mwala, Masinga na Yatta walisimama getini kuanzia saa kumi na moja alfajiri wakisubiri kuokotwa kama vibarua. (Kibarua nacho ni barua ndogo, hata neno hilo limetoka kwenye karatasi.) Walichotaka kuuliza hawakukiuliza usailini. Kilijikusanya hadi Januari 2003, maelfu wakagoma, na maswali ya miaka yote yakatoka siku moja, kwa mawe na mabomu ya machozi.

Yule ninayemkumbuka zaidi alikuja mwaka 2008. Kijana wa Mwala, shati limepigwa pasi hadi linang'aa. Tukamwuliza kama ana swali. Akasema, "Ndiyo, madam. Aliyekuwa kwenye kazi hii kabla yangu yuko wapi sasa?"

Meneja alinitazama. Aliyetangulia alikuwa amekatwa vidole viwili na mashine iliyokuwa haina kinga. Nililieleza jambo hilo wazi, pamoja na kwamba kinga ilikuwa bado haijawekwa. Kijana alitushukuru, akasema atarudi ikishawekwa. Iliwekwa juma lililofuata, naye akarudi, tukamwandika. Katika miaka yangu 26 sijasikia swali jingine lililofanya kazi kubwa kama lile.

Wanaokwenda getini leo wana kitu ambacho Babu hakuwa nacho. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, ukitaja kazi, mahali, saa na mshahara. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa kibarua. Kwa hiyo mwanangu, ukiambiwa "una swali?", uliza mshahara unalipwa tarehe ngapi, saa za ziada zinahesabiwaje, zamu ya usiku inarudi nyumbani na nini, aliyekutangulia aliondoka kwa nini. Halafu uliza utapewa lini nakala yako ya mkataba, na ukipewa, isome kabla ya kutia saini.