Kidato cha Pili: Mwaka wa Kuchagua Masomo

Wazazi wengi twakihesabu kidato cha pili kuwa mwaka wa kupumua. Ugeni wa kidato cha kwanza umekwisha, KCSE bado iko mbali. Mtoto keshapata marafiki, sauti imekuwa nzito, na alama zake zaanza kuteremka bila ya mtu kushtuka.

Kumbe ndio mwaka wa kuchagua. Mwanafunzi husoma masomo kama kumi au kumi na moja, kisha kabla ya kidato cha tatu huyapunguza hadi saba au nane. Hisabati, Kiingereza na Kiswahili hayaachwi, na sayansi zibaki mbili angalau. Mara nyingi inayotupwa ni Fizikia, kwa kuwa mwalimu ni mkali au rafiki kaiacha. Mimi niliiacha hivyo hivyo. Mzee wangu aliarifiwa mwisho. Na sisi bandari iko mlangoni! Atakaye uhandisi, uwe wa meli au wa umeme, ataulizwa Fizikia. IRE wengi huishika maana chuoni washaionja, si vibaya, lakini haizibi pengo hilo.

Waliokuwa kidato cha pili mwaka wa 2025 walifanya KCPE ya mwisho, 2023, na watafanya KCSE ya mwisho, 2027. Nyuma yao hakuna darasa la kurudia. Fomu ya masomo ikija, kaa na mwanao kabla hujatia sahihi. Isipokuja, nenda shuleni ukaiulize.