Soda ya Moto, Soda ya Baridi

Hapa Eastlands ukiitisha soda dukani, swali la kwanza ni hili: "Ya baridi ama ya moto?" Ya moto haijapikwa, ni ile tu haijaingia kwenye friji. Wengi hudhani tofauti ni ya ulimi tu. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka siku ya futari yetu ya pamoja pale Kaloleni. Kreti zilikuwa zimekaa juani tangu adhuhuri. Kijana mmoja alipofungua chupa ya kwanza, povu liliruka mpaka kwenye kanzu ya mzee. Nikamkaripia mbele ya watu: "Mbona umeitikisa?" Akaapa hajaitikisa. Sikumwamini.

Kumbe historia ilikuwa upande wake. Mwaka 1767, mjini Leeds, Uingereza, Joseph Priestley aliishi jirani na kiwanda cha pombe. Aliona hewa nzito imetanda juu ya mapipa. Akaacha maji safi yakutane na hewa ile, nayo yakapata ule mchomo tunaoujua sote. Leo hewa hiyo tunaiita kabonidayoksaidi. Mwaka 1772 alichapisha kijitabu cha kueleza namna ya kuyatengeneza, akitumaini yatawaponya mabaharia ugonjwa wa kiseyeye. Hayakuponya, lakini biashara ilizaliwa. Mwaka 1783 Jacob Schweppe alikuwa tayari anayatengeneza Geneva, Uswisi.

Aliyepima joto kwa makini ni William Henry wa Manchester, mwaka 1803. Aligundua kwamba ukiikandamiza gesi zaidi, maji huimeza zaidi. Lakini maji yakipata moto, huimeza kidogo. Sukari huyeyuka upesi katika chai ya moto, gesi ni kinyume chake. Katika mgandamizo wa hewa wa kawaida, lita moja ya maji ya nyuzi 0 hubeba takriban lita 1.7 za gesi hii. Kwa nyuzi 20 hubeba kama lita 0.9, na kwa nyuzi 30 kama lita 0.7 tu.

Basi chupa ikikaa juani, gesi hutoka kwenye maji na kusukuma kizibo kwa nguvu. Kizibo chenyewe, kile cha bati chenye meno, kilibuniwa na William Painter wa Marekani mwaka 1892 ili kiweze kuizuia. Ukikibandua, gesi nyingi inakimbilia nje na kubeba soda pamoja nayo. Kinachobaki ni maji ya sukari yaliyokufa. Soda ya baridi huishika gesi yake, ikaitoa polepole mpaka mdomoni.

Lakini usizidishe, ukaisahau kwenye friza. Maji yakiganda hutanuka, na chupa ya kioo hupasuka.

Nilipoyasoma haya nilimtafuta yule kijana, nikamwomba msamaha mbele ya wale wale waliosikia nikimkaripia. Futari iliyofuata tuliweka kreti kivulini, tukazifunika magunia yaliyoloweshwa maji na kutia barafu. Yeye ndiye aliyefungua chupa zote. Hakuna kanzu iliyolowa.

Kabla hujamlaumu mwenzako, angalia kwanza kreti ilikaa wapi.